Bustani na Wasomaji: Urujuani wa Usambara na Siklameni

Barua nyingi zilizofika safari hii zinatoka mkoa wa Tanga, na karibu zote zinahusu mimea miwili inayofananishwa kila siku: siklameni, ambayo kwao ni nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, na urujuani wa Usambara, ambao kwao ni hapahapa Tanga. Tumezijibu pamoja kwa sababu kosa moja huiua yote miwili, nalo ni kutunza mmea bila kujua unakotoka.

Ni siklameni au ni urujuani?

*Asalaam aleikum wahariri. Nimenunua vyungu viwili kwa kijana anayetembeza miche. Vyote vina maua ya zambarau na majani ya umbo la moyo. Yeye anasema vyote ni siklameni. Shangazi yangu anashikilia kwamba kimoja ni ua la Usambara. Nitajuaje bila kung'oa? — Msomaji wa Makorora, Tanga*

Waaleikum salaam. Anza na vidole kabla ya macho. Jani la urujuani lina manyoya juu na chini, ni nene na limejaa maji, na kikonyo chake nacho kina manyoya. Jani la siklameni halina manyoya. Ukilipapasa ni laini kama ngozi iliyong'arishwa, na mara nyingi lina mabaka ya rangi ya fedha.

Kisha tazama ua. Siklameni huinamisha uso chini huku petali zake tano zimepinduka kwenda juu, kama mwavuli uliogeuzwa na upepo, na kila kikonyo hubeba ua moja. Urujuani hukutazama usoni. Una sehemu tano, mbili ndogo juu na tatu kubwa chini, na katikati vifuko viwili vya manjano vyenye chavua. Kikonyo kimoja hubeba maua kadhaa. Ukiangalia kwa makini utaona kijiti chembamba kilichopinda pembeni, maua mengine kikielekea kushoto na mengine kulia. Huo si ulemavu. Ndivyo mmea huu ulivyoumbwa.

Ukibaki na shaka, fukua udongo kwa kidole karibu na shina, sentimita 2 tu. Siklameni ina kiazi cha duara kilichobanwa. Urujuani hauna kiazi, una mizizi myembamba kama nyuzi. Chungu chenye kiazi kiweke mbali na watoto na mbuzi: kiazi cha siklameni kina saponini, na anayekila hutapika na kuharisha. Urujuani hauna sumu.

Matumba yanakauka, majani yana mabaka

*Urujuani wangu ulichanua vizuri Julai. Tangu Desemba matumba yanakauka kabla ya kufunguka na majani yameota mabaka ya manjano kama ramani. Nauweka dirisha la kusini linaloangalia bahari, na kwa ajili ya joto naunywesha maji ya friji. — Msomaji wa Raskazone, Tanga*

Dada, maji ya friji ndiyo yaliyochora hiyo ramani. Tone la maji baridi likitua kwenye jani lenye joto, seli zilizo chini ya ngozi ya jani hupasuka na ukijani hupotea mahali pale. Tofauti ya digrii 5 hivi inatosha kuleta madhara. Si ugonjwa, hauambukizi, na dawa hazisaidii. Jani lililoharibika halirudi, ling'oe likikuchukiza. Kuanzia leo tumia maji yaliyolala ndani ya nyumba usiku kucha, yawe na joto lilelile la chumba.

Matumba ni habari nyingine. Urujuani hustawi kati ya digrii 18 na 25. Ukifika 30, na usiku usipoze, mmea huokoa majani na kuyaacha matumba yakauke. Wakati wa kaskazi mji wa Tanga hupita 30 karibu kila mchana. Hapo ndipo dirisha lako linapokuponza. Tanga iko digrii 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, ndiyo maana Julai mmea ulikaa kivulini na kuchanua. Kuanzia Oktoba jua huhamia kusini, na dirisha lililokuwa salama sasa linaingiza jua kali katika miezi ya joto kuliko yote. Hamishia chungu dirisha la mashariki linalopata jua hadi saa tatu asubuhi tu, au dirisha la kaskazini mpaka Machi. Kama huna, kisogeze mita moja na nusu ndani ya chumba, nyuma ya pazia jepesi.

Usikiweke mbele ya kiyoyozi. Upepo wake ni mkavu, nao hukausha matumba kama joto lifanyavyo. Feni inayozunguka taratibu mbali na mmea inafaa zaidi.

Kuhusu kumwagilia, gusa udongo kwanza. Juu ukiwa mkavu, weka chungu kwenye sahani yenye maji kwa dakika 20 hadi 30, kisha mwaga yaliyobaki. Ukiacha chungu ndani ya maji kutwa, mizizi hukosa hewa na kuoza. Dalili yake inapotosha: majani hulegea kana kwamba mmea una kiu, mwenyewe akaongeza maji, na mmea ukafa kwa huruma yake. Majani yakilegea huku udongo ukiwa bado mbichi, usimwagilie. Toa mmea, kata mizizi iliyogeuka kahawia na kulainika, upande upya.

Mara moja kwa mwezi mwagilia kutoka juu kwa maji ya mvua, bila kulowesha moyo wa mmea, hadi maji mengi yatoke chini. Hayo huondoa chumvi. Ukiona ukoko mweupe ukingoni mwa chungu, chumvi imeshazidi, na vikonyo vinavyoegemea hapo vitaungua.

Udongo upi, na makumbi ya nazi yanafaa?

*Huku makumbi yamejaa. Naambiwa yanafaa kwa maua ya vyungu, lakini niliyotumia yaliua miche yote sita. — Msomaji wa Pangani*

Makumbi yanafaa sana, tatizo ni chumvi. Usumba wa kamba hutoka kwenye makumbi yaliyofukiwa pwani miezi mingi, na hata yale yaliyorundikwa karibu na bahari hunywa chumvi. Loweka usumba na unga wake kwenye ndoo ya maji baridi kwa siku nzima, kamua, badilisha maji, rudia mara tatu. Mara ya mwisho onja maji kwa ncha ya ulimi. Ukisikia chumvi hata kidogo, rudia tena.

Changanya kwa ujazo: makopo 2 ya makumbi yaliyooshwa na kukatwakatwa, kopo 1 la mboji ya majani iliyooza kabisa na kuchekechwa, na kopo 1 la chenga za mkaa zenye ukubwa wa punje za mahindi, zilizopepetwa vumbi. Mchanga mnene wa mto unaweza kushika nafasi ya mkaa, wa baharini hapana. Samadi mbichi usiiguse. Fukiza mchanganyiko kwa mvuke kwenye sufuria iliyofunikwa kwa nusu saa ili kuua mayai ya wadudu na kuvu, uache upoe.

Wengi huuliza kuhusu kokoto za matumbawe. Chache chini ya chungu hazina neno. Zikijaa kwenye udongo, chokaa yake huzuia mmea kufyonza madini ya chuma, na majani machanga huanza kuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani.

Chungu kiwe kidogo kuliko unavyodhani: upana wake uwe theluthi moja ya upana wa mmea. Mmea wenye majani yaliyotanuka sentimita 30 unatosha kwenye chungu cha sentimita 10. Chungu kikubwa hushika maji ambayo mizizi haiwezi kuyanywa. Mbolea ni NPK 20-20-20 ya kuyeyusha, robo kijiko cha chai kwa lita 1 ya maji, mara moja kila wiki mbili, udongo ukiwa tayari na unyevu. Urea iache shambani, kwenye chungu kidogo huunguza mizizi.

Jani moja linaweza kuzaa mmea?

*Mwenzangu ananiahidi jani la urujuani wake wenye mistari miwili ya rangi. Nilipande vipi? — Msomaji wa Chumbageni, Tanga*

Chagua jani la mzunguko wa katikati, si kuukuu la chini wala changa la moyoni. Kata kikonyo kwa wembe safi, mshazari, kibaki na urefu wa sentimita 3. Kichomeke sentimita 1 na nusu kwenye makumbi yaliyooshwa, yenye unyevu lakini yasiyodondosha maji, ufunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa na uweke mahali penye mwanga bila jua. Mizizi hutoka baada ya wiki 3 au 4, na vitoto huchungulia baada ya wiki 8 hivi. Vitenganishe vikifikisha majani manne. Maua hutarajiwa miezi 6 hadi 9 tangu siku ya kupanda jani.

Lakini hiyo mistari miwili itakuangusha. Maua yenye mistari inayotoka katikati kwenda ukingoni kama pangaboi hutokana na tishu za aina mbili zilizoishi pamoja kwenye shina moja, na jani halizibebi zote kwa mpangilio uleule. Mtoto atatoka na rangi moja. Mwombe mwenzako kichipukizi kinachoota ubavuni mwa shina, hicho ndicho hubeba mistari.

Urujuani wa mwituni: ni aina gani?

*Kwenye miamba karibu na kijito huku kwetu kuna urujuani mdogo wa samawati. Naomba kujua ni aina ipi, na kama naweza kuchukua michache nipande nyumbani. — Msomaji wa Muheza*

Una bahati ambayo wapenda maua duniani kote wanaitamani. Urujuani unaouzwa madukani Ulaya na Marekani umetokana na mimea ya eneo lako. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa wilaya wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, aliuona na kuupeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, aliupa jina la *Saintpaulia ionantha*. Taarifa yake ilitaja makao mawili: mwendo wa saa moja kutoka Tanga, kwenye nyufa za mawe ya chokaa karibu na usawa wa bahari, na kwenye msitu wa Usambara juu zaidi.

Kuhusu majina, usishangae vitabu vikipingana. Katikati ya karne iliyopita zilihesabiwa takriban aina 20. Uchunguzi wa baadaye umeona kwamba nyingi ni nasaba ndogo za *ionantha* moja, na tangu 2015 wataalamu wameingiza kundi zima kwenye jenasi ya *Streptocarpus*. Sisi tunatumia majina ya zamani kwa sababu ndiyo wakulima wanayoyajua.

Ili kutambua, usianze na rangi ya ua, maana hubadilika kwa mwanga. Angalia shina kwanza: je, majani yamepangika duara kwenye shina fupi, au shina linatambaa juu ya mwamba? Pili, chukua kioo cha kukuzia utazame manyoya juu ya jani: ni ya urefu mmoja au ni marefu yaliyochanganyika na mafupi, yamesimama au yamelala? Tatu, tafuta tunda: ni fupi na nene, au refu na jembamba?

*Ionantha* yenyewe, ya miteremko ya chini karibu na Tanga, ina duara la majani mazito, mara nyingi yenye wekundu wa zambarau chini, maua ya samawati iliyokolea, na tunda fupi nene. *Grotei*, ya Usambara Mashariki, hutambaa. Vikonyo vyake ni virefu na vinanyumbulika, jani ni la mviringo lenye meno ukingoni, ua ni hafifu lenye koo lililokolea, na tunda ni refu na jembamba. *Pendula* nayo hutambaa, lakini hutoa ua moja au mawili tu kwa kikonyo. Ukivuka kwenda Usambara Magharibi utakutana na *velutina*, jani la kijani kibichi kizito lenye manyoya kama mahameli na wekundu mkali chini, na *orbicularis*, yenye jani la mviringo na maua madogo mengi, hafifu, yenye kitovu cheusicheusi. *Shumensis*, iliyopewa jina la Shume, ni ndogo kuliko zote hizi, manyoya yake yamesimama, na ua lake ni jeupe karibu kabisa lenye doa la zambarau katikati.

Kwa maelezo yako machache, na kwa kuwa uko Muheza, tungeanza kulinganisha na *grotei* na *ionantha*. Tutumie picha ya jani upande wa chini, shina na tunda.

Kuchukua, hapana. Ndani ya hifadhi kama ya Amani ni kosa kisheria. Na hata nje ya hifadhi tunakusihi usichukue. Aina nyingi zinaishi kwenye miamba michache tu, mahali pengine bonde moja, na zimo katika mimea iliyo hatarini kutoweka. Mmea huu hushika tabaka jembamba la udongo na kuvumwani juu ya jiwe. Ukiung'oa unaondoka na tabaka hilo, na mbegu hazina tena pa kuota. Miti ya juu nayo ikikatwa, jua hukausha mwamba na koloni zima hufa bila mtu kuligusa. Nunua uliooteshwa kitaluni, na ule wa kijitoni ulinde kivuli chake.

Siklameni inayochanua vuli

*Shikamooni. Mwanangu aliye Italia amenipa kiazi cha siklameni, anasema ni ile inayochanua vuli kabla ya kutoa majani. Nitajuaje ni kweli, na itakubali Lushoto? Dada yangu wa Tanga mjini naye anataka. — Mzee wa Lushoto*

Marahaba hatuwezi kuipokea, mzee wetu, shikamoo wewe. Kwanza, vuli yao si vuli yetu. Kule ni Septemba hadi Novemba, baada ya kiangazi kikavu cha joto, hewa inapopoa na mvua za kwanza kushuka. Kiazi hulala kiangazi chote na kuamshwa na ubaridi pamoja na unyevu.

Kigeuze kiazi. *Cyclamen hederifolium*, ambayo ndiyo ya vuli iliyoenea zaidi Italia, hutoa mizizi juu na ubavuni; chini ni patupu na laini. Huyu huzikwa mizizi ikiwa juu, chini ya sentimita 3 hadi 5 za udongo. Wengi humpanda kichwa chini miguu juu kwa kudhani mizizi lazima iwe chini. Ua lake lina vijisikio viwili kwenye kitako cha kila petali, na majani yana kona. Mizizi ikitoka chini katikati, minene kama kamba, huenda ni *graecum*, nayo ya vuli. *Purpurascens* hunukia vizuri na haipukutishi majani yote. Ile ya dukani, *persicum*, huchanua kipupwe hadi masika yao. Mizizi yake iko chini, nusu ya kiazi chake hubaki juu ya udongo, na ndiyo pekee ambayo kikonyo cha tunda hakijisokoti kama springi baada ya ua kuanguka. Afrika nayo ina zake: *africanum* ya Algeria na Tunisia, *rohlfsianum* ya Libya, na *somalense* ya milima ya kaskazini mwa Somalia, iliyogunduliwa 1986.

Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, ndiko pa kujaribu. Msikilalishe kiazi Juni kwa kufuata kalenda ya Italia. Kilalisheni Januari hadi Machi, kikavu, kivulini, kwenye mchanganyiko unaopitisha maji haraka: nusu mboji ya majani, nusu changarawe. Masika ikianza, mwagilieni kidogo mara moja kwa wiki hadi chipukizi litokee, kisha ongezeni. Hapo miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti itakikuta kiko macho. Majani yakianza kuwa manjano punguzeni maji kwa wiki tatu, kisha acheni kabisa. Kosa la kawaida ni kuendelea kumwagilia kiazi kilicholala. Huoza kuanzia katikati, na mtu hugundua kidole kikizama.

Dada wa Tanga mjini asipoteze fedha. Mbegu za siklameni huota gizani kwenye digrii 15 hivi, zikipita 20 hugoma, na usiku wa pwani haupoi kiasi cha kukifaa kiazi. Mpelekeeni urujuani.

Safari nyingine mwambieni kijana aulize kwanza Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania kuhusu kibali. Siklameni zote ziko pia chini ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea ya mwituni.

Moyo wa mmea umekunjamana

*Majani ya katikati ya urujuani wangu ni madogo, magumu, ya kijivu na yamejaa manyoya. Ni mbolea? — Msomaji wa Korogwe*

Uwezekano mkubwa ni utitiri wa siklameni, ambao licha ya jina lake hupenda urujuani vilevile. Ni mdogo mno, hauonekani kwa macho, na huishi ndani kabisa ya moyo, ambako dawa ya kupuliza haifiki. Mbolea ikizidi nayo hukaza moyo, lakini huacha vijipunje vya rangi ya chungwa na ukoko wa chumvi. Ukiona dalili hizo, suuza udongo kwa maji mengi na ungoje wiki nne. Usipoziona, choma mmea na udongo wake, usichukue hata jani la kupanda, na osha mikono kabla ya kugusa chungu kingine.

Vidung'ata, vile vya pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani, ni rahisi zaidi: vifute kwa pamba iliyochovywa spiriti, kila siku ya tano, mara nne. Na mmea wowote mpya, uwe wa kununua au wa zawadi, ukae chumba cha peke yake wiki sita kabla ya kuungana na wenzake.